Filamu za vita kuhusu mabaharia: maigizo ya mabaharia wenyewe yanahesabika kuwa hali halisi?

BintiKisauni aliandika:

Assalamu alaikum, na habari zenu nyote. Ninasomea utengenezaji wa filamu, na pamoja na wenzangu tunaandaa filamu fupi ya hali halisi kuhusu SS Khedive Ismail, meli iliyoondoka Kilindini, bandari ya Mombasa, Februari 1944 ikiwa na askari, wauguzi na mabaharia, ikielekea Colombo katika msafara wa KR 8. Tarehe 12 ya mwezi huo, ilipokuwa karibu na visiwa vya Maldivi, ilipigwa na topido za nyambizi ya Kijapani I-27 na kuzama kwa muda wa kama dakika mbili tu. Walikufa watu 1,297. Wengi wao walikuwa vijana wa kikosi cha mizinga cha 301 cha East African Artillery, yaani watu wa nchi zetu hizi, na hata leo zipo familia zinazosema kwamba babu "alipotelea baharini" bila kujua ni bahari gani.

Shida yetu ni kwamba hatuna picha ya tukio lenyewe. Mwalimu wetu alitushauri tuitazame Western Approaches, filamu ya Uingereza ya mwaka 1944 kuhusu mabaharia wa meli za biashara katika Atlantiki, akisema kwamba ndiyo mfano bora wa filamu ya hali halisi iliyopigwa baharini wakati wa vita. Tulipoitazama tuligawanyika. Wote wanaoonekana ni mabaharia wa kweli, hilo halina ubishi, lakini kisa kimetungwa: mashua ya kuokolea iko peke yake katikati ya bahari, nyambizi ya Kijerumani inaitumia kama chambo ili kuivizia meli itakayokuja kuwaokoa watu wake, na mwishowe meli hiyo, Leander, inapigwa topido lakini inaizamisha nyambizi kwa mzinga wake. Baadhi yetu tunasema hayo ni maigizo kama maigizo mengine, na kuyaita hali halisi ni kumhadaa mtazamaji. Wengine wanasema kwamba tukifuata msimamo huo hatutaweza kusimulia chochote kuhusu bahari, kwa sababu bahari haitunzi ushahidi.

Naomba maoni ya wenye ujuzi. Je, filamu ile ni ya hali halisi au siyo? Na sisi tukiwapanda wavuvi na mabaharia wa hapa katika mashua tuwapige picha wakiigiza wale walionusurika, tutakuwa tumefanya kosa?

---

MtunzaMikanda alijibu:

Wa alaikum salaam, dada. Swali lako ni la zamani kuliko filamu yenyewe, kwa hiyo tuanze na mahali ilikotoka.

Western Approaches ilitengenezwa na Crown Film Unit, kitengo cha filamu kilichokuwa chini ya Wizara ya Habari ya Uingereza. Kabla ya mwaka 1940 kitengo hicho kiliitwa GPO Film Unit kwa sababu kilikuwa chini ya idara ya posta, na humo ndimo mwongozaji wake, Pat Jackson, alimojifunzia kazi akiwa kijana. Alikuwa miongoni mwa wasaidizi katika Night Mail ya mwaka 1936, ile filamu ya treni ya barua inayokwenda Scotland usiku. Wengi wanaoisifu filamu hiyo kama kielelezo cha hali halisi hawajui kwamba behewa la kupangia barua lilijengwa studio, likiwa limesimama tuli, na kwamba wafanyakazi wa posta, ambao walikuwa wafanyakazi wa posta kweli, waliambiwa wayumbishe miili yao kidogo ili ionekane kana kwamba treni inakwenda. Hakuna aliyeona kuwa huo ni ulaghai. John Grierson, aliyeilea shule hiyo ya watengenezaji filamu, aliieleza kazi yao kuwa ni kuushughulikia uhalisi kwa ubunifu, na kwake ubunifu haukuwa dhambi ya kufichwa.

Kwa hiyo Jackson alipopewa kazi ya mabaharia alikuwa na mila ya kufuata: kisa kinaandikwa, lakini anayekiigiza awe mtu ambaye kazi hiyo ndiyo inayomlisha. Alikwenda kuwatafuta watu wake miongoni mwa mabaharia wenyewe, akawapa maneno ya kujifunza, kisha akafanya jambo ambalo mwongozaji mwenye busara ya kawaida asingelifanya. Badala ya kuwaweka katika dimbwi la maji studio na kuwamwagia ndoo, aliwachukua hadi Holyhead, Wales, akawapandisha katika mashua na kuwapeleka katika Bahari ya Ireland.

Na hapo ndipo inapofaa kumtaja Jack Cardiff, mpiga picha wake, ambaye baadaye alipata tuzo ya Oscar kwa Black Narcissus ya mwaka 1947. Filamu ilipigwa kwa rangi za Technicolor, na kamera ya Technicolor ya miaka ile haikuwa kitu cha kubeba begani. Ndani yake ilipitisha mikanda mitatu ya filamu kwa wakati mmoja, mwanga ukigawanywa na mche wa kioo ili kila mkanda upokee sehemu yake ya rangi, na chombo chote kilikuwa kikubwa na kizito kiasi kwamba hata studio kilihitaji watu kadhaa kukisogeza. Kuna kamera chache mno za aina hiyo zilizokuwamo Uingereza nzima wakati huo. Sasa iweke moja kati ya hizo katika mashua iliyojaa watu, mahali ambapo maji ya chumvi yanaruka kila dakika, mpiga picha mwenyewe analevywa na bahari, na kisa kinadai kwamba nchi kavu isionekane hata kidogo, ilhali pwani ya Wales haiko mbali. Wingu likibadilika, picha ya asubuhi haiungani tena na ya mchana. Bahari ikitulia, watu waliokuwa wakipigana na mawimbi katika tukio lililotangulia wanaonekana kama wamekwenda matembezi. Kazi iliyotarajiwa kwisha mapema ilichukua miezi.

Kwa maoni yangu ni filamu ya hali halisi, ila uhalisi wake usiutafute katika kisa. Kisa ni cha kubuni na hakijawahi kujificha. Uhalisi uko katika maji, katika nyuso, katika lafudhi za watu wale na namna wanavyokaa kimya. Utaona jinsi mazungumzo yao yanavyokuwa makavu kidogo, mtu anasema sentensi yake kama anayesoma orodha ya mizigo. Mwigizaji wa kulipwa angeipamba. Ukavu ule ndio unaonifanya niamini.

---

NahodhaMstaafu alijibu:

Nimeifanya kazi ya bahari tangu ujana wangu, kwanza katika majahazi na baadaye katika meli za mizigo, na sina elimu ya filamu. Hata hivyo, binti yangu, jambo moja naweza kukueleza, nalo ni namna ya kumtambua baharia katika picha.

Mashua ya kuokolea ya meli ni fupi na pana, imetengenezwa ichukue watu wengi na isipinduke upesi, lakini haina mwendo wa maana. Ukiiacha bila makasia wala tanga inajigeuza ubavu kwa mawimbi na kuanza kulala huku na huku. Humo ndani, mtu mmoja akisimama kwenda omo, yaani mbele ya chombo, aliyekaa upande wa pili hujisogeza kidogo ili mashua isiegemee, na hufanya hivyo bila kuambiwa na bila kukatiza anachosema. Mtu asiyejua bahari hushika ukingo wa mashua kwa mikono miwili na kuwakodolea macho wenzake. Mvuta makasia mzoefu haliangalii kasia lake. Kiganja kinamwambia kama ubao umeingia majini sawasawa, na mguu wake tayari umepata mahali pa kukita. Katika filamu hiyo nimeyaona yote mawili, yule anayejisogeza na yule asiyetazama kasia, na hayo hayaandikwi katika mswada wowote. Hata ukimlipa mwigizaji fedha nyingi, itakubidi umpeleke baharini muda mrefu kabla mwili wake haujajifunza.

Kuhusu kisa cha meli ya mizigo kuizamisha nyambizi, msikimbilie kusema kwamba ni ndoto. Meli nyingi za biashara wakati wa vita vile zilifungwa mzinga tezini, yaani nyuma ya meli, zikapewa wapiga mizinga kutoka jeshini, na mabaharia nao walifundishwa kusaidia. Mwezi Septemba 1942, katika Atlantiki ya Kusini, meli ya mizigo ya Marekani, Stephen Hopkins, ilikutana na meli ya kivita ya Kijerumani iliyojigeuza ya biashara, Stier, ikapigana nayo kwa mzinga wake mmoja mkubwa na silaha ndogondogo. Zilizama zote mbili. Basi yaliyomo katika filamu ni nadra, ila hayapiti uwezo wa meli ya mizigo.

Ninyi mkitaka wavuvi wawe mashuani, sioni ubaya wowote. Ila wachukueni watu wanaofahamiana, waliokwisha kufanya kazi pamoja, kwa sababu ule mwendo wa mmoja kumpisha mwenzake hauzaliwi kwa siku moja.

---

JichoLaTatu alijibu:

Nimesoma majibu yote mawili kwa heshima, na mzee shikamoo. Hata hivyo naona tunauliza swali dogo na kuliacha kubwa. Tunajadili kama waliomo mashuani ni mabaharia wa kweli, ilhali tulipaswa pia kuuliza ni mabaharia gani wa kweli ambao hawamo.

Vita vilipoanza, Wahindi peke yao walikuwa kama robo ya watu wote waliokuwa wakiendesha meli za biashara za Uingereza, na pamoja nao walikuwapo Wachina, Wayemeni, Wasomali na watu wa Afrika Magharibi, wengi wao wakiwa chini kwenye mitambo na moto, mahali ambapo topido likipiga hakuna nafasi ya kupanda juu. Wahindi hao walilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mwingereza aliyefanya kazi ileile, na mwaka 1939 waligoma katika bandari mbalimbali wakidai nyongeza, na wengi wakafungwa jela kwa kugoma. Sasa itazame tena mashua ya Western Approaches na usikilize sauti zinazotawala humo. Ni Uingereza ikijizungumzia yenyewe, kwa lafudhi zake tofautitofauti, jambo ambalo kwa wakati ule lilionekana kuwa ni uwazi mkubwa.

Mtu aliyeshikilia rekodi ya kukaa peke yake juu ya chelezo alikuwa Mchina, Poon Lim, mtumishi katika meli ya Uingereza Ben Lomond iliyozamishwa Novemba 1942. Alikaa siku 133 katika Atlantiki ya Kusini, akivua samaki kwa ndoana aliyojitengenezea mwenyewe na kukinga maji ya mvua, hadi wavuvi wa Brazili walipomwokota Aprili 1943. Mfalme alimpa nishani. Lakini baada ya vita, katika miaka ya 1945 na 1946, serikali hiyohiyo iliwakusanya mabaharia wa Kichina waliokuwa Liverpool na kuwarudisha kwao kwa nguvu, wengine wakiacha wake na watoto ambao hawakuambiwa chochote. Liverpool ndiyo bandari ambayo makao makuu ya kuilinda misafara ya Atlantiki yalihamishiwa mwaka 1941, na kamandi hiyo ndiyo iliyoitwa Western Approaches, jina ambalo filamu yetu imelichukua.

Sisemi kwamba Jackson alikuwa mwongo. Alipewa kazi na wizara ambayo lengo lake lilikuwa kuwatia watu moyo, na aliifanya vizuri kupita alivyoagizwa. Hata hilo la kutia moyo lilichelewa: mwaka 1942 nyambizi za Kijerumani zilizamisha meli zaidi ya 1,000, lakini kufikia Mei 1943 mambo yalikuwa yamegeuka, Wajerumani wakapoteza nyambizi 41 katika mwezi huo mmoja, kwa hiyo filamu ilipoonyeshwa mwishoni mwa 1944 ilikuwa ikizungumzia hatari ambayo kilele chake kilikwisha kupita. Ninachosema ni kwamba uhalisi wa nyuso unaweza kulifanya pengo lisionekane. Mtazamaji akishaamini kwamba wale ni mabaharia, anaamini pia kwamba mabaharia ni wale.

Binti Kisauni, ninyi mna bahati ya kuwa upande wa pili wa pengo hilo. Wizara hiyohiyo ya Habari ilikuwa na kitengo kingine cha filamu kwa ajili ya makoloni, Colonial Film Unit, kilichoanzishwa mwaka 1939, na magari ya sinema yalizunguka Afrika yakiwaonyesha watu jinsi Uingereza ilivyokuwa ikipigana. Kitengo hicho kilidhani kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi, kwa hiyo kilimtengenezea filamu za taratibu. Askari wa kikosi cha 301 walikuwa watu wa kuonyeshwa filamu. Kuwekwa ndani yake, kwa majina yao na kazi zao, ni habari nyingine.

---

BintiKisauni aliandika:

Nawashukuru sana. Mzee wetu nahodha, kuna wavuvi wa Kisauni na Mtwapa ambao tayari wamekubali, na ni watu wa chombo kimoja, kwa hiyo sharti lako limetimia.

Ndugu JichoLaTatu, umetufungua macho, lakini umetuongezea na mzigo. Kuna jambo sikulieleza mwanzoni. Baada ya Khedive Ismail kuzama, manowari Petard na Paladin ziliishambulia nyambizi kwa mabomu ya chini ya maji wakati manusura walikuwa bado wanaelea mahali palepale, kwa kuwa I-27 ilikuwa imejificha chini yao na meli nyingine za msafara zilikuwa hatarini. Nyambizi hiyo ilizamishwa siku ileile. Walionusurika kati ya watu zaidi ya 1,500 walikuwa 208 wanaume na wanawake sita. Sehemu hiyo tuiigize au tuiache?

---

MtunzaMikanda alijibu:

Msiiigize.

Nitajaribu kueleza kwa nini, maana sitaki ionekane kwamba naogopa tu. Ukiitazama Western Approaches kwa makini utaona kwamba sehemu zake zilizo na nguvu kuliko zote ni za kungoja na za kazi: kupiga makasia, kugawana chakula kidogo kilichopo, kujaribu kuifanya redio itoe ishara, kubishana kama kile kilichoonekana juu ya maji ni periskopu, darubini ya nyambizi, au ni macho tu yamechoka. Hayo baharia anaweza kuyaigiza kwa haki kwa sababu ameyafanya, au angeyafanya hivyohivyo. Pale kisa kinapofika kwenye mapigano, na hasa tunapoingizwa ndani ya nyambizi ya adui, filamu inarudi kuwa sinema ya kawaida, na hata mpenzi wake kama mimi hutazama saa. Mvuvi wa Mtwapa anaweza kuwaonyesha jinsi watu wanavyokaa mashuani wasijue kama wataonekana. Hawezi kuwaonyesha kijana wa miaka ishirini akiiona manowari ya upande wake ikimjia huku ikidondosha mabomu, na hakuna anayeweza. Mkimwambia apige kelele majini, mtakuwa mmetengeneza kitu ambacho wajukuu wa wale waliokufa watakikumbuka badala ya babu zao.

Sehemu hiyo iacheni kwa sauti. Mtu mmoja asome maelezo ya tukio, kwa Kiswahili kisicho na mapambo, picha ikiwa ni ya bahari tupu au ya majina. Majina mtayapata: wengi wa waliopotea katika meli ile wanakumbukwa katika East Africa Memorial, kwenye makaburi ya vita ya Nairobi. Ombeni kibali mapema, na mpige picha wakati jua liko chini, maana mwanga wa adhuhuri huyafuta maandishi yaliyochongwa. Imperial War Museum ya London nayo ina hazina kubwa ya picha na filamu za vita hivyo, pamoja na za bandari na misafara. Andikeni mkitaja tarehe na jina la meli za ulinzi, msitaje Khedive Ismail peke yake, kwa sababu mara nyingi mikanda huwa imeorodheshwa kwa jina la manowari.

Na sehemu za mashuani zitambulisheni tangu picha ya kwanza, kwa maandishi mafupi, kwamba ni wavuvi wa Kisauni na Mtwapa wanaoonyesha hali ya manusura. Yawekeni hapo hapo. Ya mwisho wa filamu watu huwa wamekwisha kuinuka.

---

NahodhaMstaafu alijibu:

Naongeza machache ya kazi. Meli ile ilizama Februari, wakati wa kaskazi, kwa hiyo msipige picha wakati wa kusi mkadhani bahari ni ileile. Mawimbi yanakuja kutoka upande mwingine na rangi ya maji si moja. Ikiwa ratiba ya chuo hairuhusu Februari, basi matlai, kipindi cha upepo mwanana kati ya kusi na kaskazi, itawafaa kwa sehemu za utulivu, ila msidai kwamba ndiyo siku yenyewe.

Tokeni nje ya mwamba kabla hakujapambazuka, ili pwani iwe nyuma ya kamera na jua linapochomoza liwe mgongoni mwa watu wenu. Muwe na chombo cha pili chenye mashine, kikae karibu ila nje ya picha, na mtu mmoja ndani yake asiwe na kazi nyingine isipokuwa kuwahesabu waliomo mashuani. Kipaza sauti mkifiche upande wa demani, yaani usiopigwa na upepo, chini ya ubao wa kukalia, la sivyo mtarudi nyumbani na upepo mtupu.